Kung Fu Panda 4: watoto wanacheka, wakubwa wananuna

Karibuni tena, watazamaji. Leo mezani tuna Kung Fu Panda 4 ya DreamWorks, ile ya mwaka 2024. Tunachambua hasa maneno ya walioitazama, maana wamegawanyika. Mzazi aliyewawekea watoto anasema safi kabisa. Aliyeanza na ile ya kwanza, ya 2008, anasema wametuharibia. Ukiwasikiliza vizuri, wote wana hoja.

Lalamiko kubwa ni moja: wako wapi wale Watano, mabingwa wa kungfu wanaopigana bega kwa bega na Po, panda wetu? Tigress, Monkey, Mantis, Crane na Viper. Filamu inajibu kwamba wana kazi zao mbali huko, basi. Wapo wanaosema aah, wale ni wa pembeni tu, steringi ni Po. Hapana jamani. Kila mmoja wao amebeba mtindo wa kungfu uliopo kweli China: chui milia, nyani, vunjajungu, korongo, nyoka. Zima sauti kabisa, bado utajua nani anapiga. Viper anajisokota mkononi mwa adui, Crane anapangusa ngumi kwa bawa, na Mantis humwoni, unaona tu adui anaruka. Pale vichekesho na mapigano vilikuwa kitu kimoja.

Nafasi yao amepewa Zhen, mbweha mwizi, kwa sauti ya Awkwafina. Ni mjanja na mdomo anao, lakini kazi yake ni kukwepa, kuiba na kukimbia. Po naye ameshakuwa bingwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ni mbio na vitu kuvunjika. Ila wapewe haki yao kwa ile kilabu iliyojengwa ukingoni mwa genge: jengo zima linaelemea huku na huku kadiri uzito unavyohama. Hapo hata mtoto asiyejua neno la Kiingereza atacheka.

Wengine wanasema tatizo ni ufupi. Si kweli. Hii ina dakika 94, ya kwanza ilikuwa na 92! Tatizo ni mzigo. Ya kwanza ilikuwa na adui mmoja, Tai Lung, na katikati wakakaa kwenye mazoezi. Waliokulia vibanda umiza, wakitazama filamu za kungfu, wanalijua darasa hilo: mzee mkali, mwanafunzi mzembe, mateso kila siku. Mkumbuke mwalimu Shifu na Po wakigombania andazi la mwisho la mvuke kwa vijiti vya kulia. Mle unafundishwa jinsi Po anavyopigana, na baadaye anapovutana na Tai Lung kuhusu lile gombo linaloaminika kuwa na siri ya nguvu, unaona mchezo uleule wa andazi, na unacheka kwa sababu unaujua. Ya nne haina darasa. Po anatafuta mrithi, Zhen ana siri zake, baba wawili wa Po wako safarini kumfuata, na adui naye anataka muda wake. Kila kitu kinaguswa juu juu.

Adui mwenyewe ni kinyonga, sauti ya Viola Davis. Wazo zuri sana: alikataliwa kufundishwa kwa sababu ya udogo wake, sasa anaiba kungfu ya mabingwa waliokwisha kufa. Lakini akipigana anavaa maumbo ya wengine, kwa hiyo ngumi yake mwenyewe huijui. Tai Lung anapotokea, kwa sauti ileile ya Ian McShane, kinyonga anafifia papo hapo.

Hata hivyo sokoni haikuanguka. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 85, wakati ya kwanza ilikula kama 130, na ikaingiza zaidi ya milioni 500. Familia zilikwenda.

Sasa kwa mzazi. Kama watoto hawafuati Kiingereza, anza na ya kwanza. Utani wa Po na Zhen humu ni wa maneno, tena ya haraka, na manukuu hayatamsaidia mtoto ambaye bado anasoma kwa kidole. Wadogo sana wakae karibu nawe kwenye pambano la mwisho, kinyonga anapogeuka dude la kutisha. Ingawa kwa uzito, ya pili ndiyo nzito zaidi: Shen, adui wa filamu hiyo, anaangamiza panda, na mama yake Po anamficha mwanawe. Hiyo mngoje kidogo. Mkitaka kuelewa kwa nini panda ana baba wawili, mmoja bata, msiiruke ya tatu.

Na mkiitazama hii ya nne, msizime majina yakianza kupita. Ndipo Watano wanapotokea, na hakuna hata mmoja anayesema neno.