Sabufa moja, albamu tatu: ninachosikiliza sasa

Zinazozunguka kwangu wiki hizi ni Zanzibara 5: Hot in Dar, Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, na Sounds of Sisso. Nazipiga kwenye sabufa ya kawaida, ile ya boksi moja la besi na vispika viwili vya pembeni, kama ilivyo kwenye sebule nyingi za Dar. Nitaongelea mlio kuliko historia. Wengi wanaosema dansi la zamani lilirekodiwa vibaya hawajalisikia bado. Walichosikia ni sabufa yao.

Hot in Dar ndiyo inayochukua muda wangu mwingi. Ni mkusanyiko wa bendi za mjini hapa za 1978 hadi 1983, umetolewa na Buda Musique ya Ufaransa. Enzi hizo bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania, kikosi kizima kikipiga kwa pamoja: waimbaji, magitaa, tarumbeta, tumba. Besi yake haikunyanyuliwa kama ya Bongo Fleva. Inatembea, inajibizana na tumba. Ukiiachia sabufa kwenye besi uliyozoea, boksi linavuma noti moja tu na kumeza magitaa yote.

Ninavyoiweka: besi robo, trebo katikati, Super Bass (kitufe cha kuongeza besi) imezimwa, na kwenye rimoti ikwalaiza iko "flat", yaani haiongezi wala kupunguza chochote. Kisha naondoa boksi kwenye kona. Watu hulisukumia pale kwa sababu nafasi ni ndogo, lakini kuta mbili na sakafu zinarudisha besi na kuiongeza kuliko boksi lenyewe linavyotoa. Nusu mita kutoka kila ukuta inatosha. Vispika vidogo vipande juu hadi usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Vikikaa sakafuni nyuma ya kochi, unapoteza gitaa la solo na matoazi. Baada ya hapo ndipo utasikia gitaa la solo la kwanza likiuliza, la pili likijibu, na gitaa la rithim likishona katikati. Kasoro moja haina dawa: kati ya pale vispika vidogo vinapoishia na boksi linapoanzia kuna pengo, na sauti nene za kiume hudumbukia humo. Hapo navaa hedifoni za waya. Spika ya simu ndiyo usijaribu kabisa. Waya mnene wa gitaa la besi hulia kwenye hezi 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde), na kaspika kale hakafiki huko hata kwa maombi.

Jambo la pili ni uvumilivu. Wimbo wa dansi una vyumba viwili: mwanzo wa taratibu, ambapo kisa kinasimuliwa, halafu chemko, waimbaji wanapowaachia magitaa na tarumbeta watu wanyanyuke. Ukiruka wimbo dakika ya tatu umetoka ukumbini watu bado wako kwenye viti.

Tahadhari kwa wanaookota nyimbo hizi mtandaoni badala ya kununua albamu. Sahani ndogo ya santuri kwa kawaida haikubeba wimbo wa dakika saba upande mmoja, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Nakala nyingi zinafifia katikati kisha zinarudi. Kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, unaweza kuunga: kata mkia unaofifia, tafuta pigo lilelile kwenye sehemu ya pili, panga, kisha weka mpishano (kipande kimoja kififie huku kingine kikipanda) wa milisekunde 10 hadi 20 ili kusilie "tak". Zilizotoka kwenye kanda zina ugonjwa mwingine, spidi. Deki ikikimbia kwa asilimia 3 tu, wimbo wote unapanda karibu nusu ya nusu-toni, na mwimbaji mtu mzima anaanza kuwa na sauti ya kijana. Punguza spidi na toni kwa pamoja, siyo spidi peke yake. Na usisafishe sana ule mvumo wa kanda. Matoazi yatalia kama maji kwenye bomba.

Songs for the Poor Man ni kazi ya 1989, ya Real World ya Uingereza, ya Dokta Remmy yule ambaye Sinza kuna mahali panaitwa kwa Remmy mpaka leo. Hii imerekodiwa kwa nafasi, kila gitaa lina mahali pake, kwa hiyo haihitaji kubembelezwa. Anza na "Kipenda Roho". Mimi naitumia pia kupima waya wa AUX, ule unaounganisha simu na sabufa. Ukisikia bendi inapiga vizuri lakini Remmy amekwenda mbali kama yuko chooni, albamu haina kosa. Pini haijaingia yote, mara nyingi kwa sababu ya kava nene la simu, au waya wa ardhi umekatika. Ardhi isipogusa, kinachobaki ni tofauti kati ya kushoto na kulia, na sauti ya mwimbaji kiongozi, iliyowekwa katikati sawasawa, inajifuta. Vua kava kabla hujamlaumu fundi.

Sounds of Sisso, iliyotolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ni singeli ya studio ya Sisso kule Mburahati. Hapa tatizo ni jingine. Mapigo yanapita 200 kwa dakika; wimbo wa 240 una pigo kila robo sekunde. Boksi likivuma kwa muda mrefu kuliko hapo, pigo la kwanza halijafa la pili limeshafika, na unachosikia ni uji. Kwa hiyo besi naiacha chini vilevile, ila safari hii na trebo naishusha kidogo, maana vinanda vinachoma masikio. Sauti ya simu nabakiza kwenye asilimia 80, kwani nyimbo zenyewe zimeshapandishwa hadi kwenye dari. Dakika 20 kwa mkupuo zinanitosha. Hii ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayosikika vizuri hata kwenye kispika cha bodaboda.

Kuhusu bando: saa moja ya muziki wa kbps 320 (kipimo cha ubora wa faili; kikipanda, data inaongezeka) ni megabaiti 144, wa 128 ni kama 58. Hot in Dar naishusha mara moja kwa 320, singeli naiacha kwenye 128. Flashi ya redio ya gari iformatiwe kwa mfumo wa FAT32. Za zaidi ya GB 32 huja na exFAT na redio nyingi hazizisomi. Majina ya mafaili yaanze na 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3 bila sifuri, wimbo wa 10 utapigwa kabla ya wa 2.