Kituo cha pamoja cha viazi Molo: mizani safi, fidia hakuna

Vyama vitatu vya Molo, yaani cha wakulima, cha madalali na cha wenye malori, vilikubaliana kuendesha kituo kimoja cha kukusanya na kusafirisha viazi, nami, mwenye kibanda cha chipsi mjini Nakuru, ni mteja wao. Kwa jumla ninaisifu huduma hiyo.

Sifa kubwa ni mizani. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini si ajabu hadi leo kukuta gunia lililorundikwa na kushonewa wavu juu, ambalo mkulima hulipwa kana kwamba ni la kawaida. Kituoni kila gunia hupimwa mbele ya mnunuzi, kilo zikaandikwa kwenye stakabadhi, na chini yake zikatenganishwa fedha za mkulima, ujira wa dalali na nauli ya lori. Dalali ambaye ujira wake uko wazi hana haja ya kumficha mkulima bei ya mjini, na nadhani karatasi hiyo imewapatanisha kuliko hotuba zozote za wakubwa.

Ghala lina giza na mianya ya hewa, kama inavyotakiwa, kwani viazi vikipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa vichungu. Aina ya viazi iitwayo Shangi nayo huchipua upesi baada ya kuvunwa, kwa hiyo mzigo kuondoka siku ileile ni jambo la maana.

Kasoro iko kwenye hasara. Msimu wa mvua, barabara za Kuresoi zikiwa matope, lori lilichelewa nikapokea viazi vilivyoanza kuoza. Chama cha wakulima kilinielekeza kwa wenye malori, nao wakadai kwamba mzigo ulipakiwa ukiwa umelowa. Mwishowe hasara ikabaki kwangu. Mapato wameyagawana kwa maandishi, hasara hawajaigusa. Wangetenga shilingi chache za kila gunia ziwe mfuko wa fidia, na wakamweka mtu mmoja wa kupokea malalamiko kwa niaba ya vyama vyote.

Bei imezidi kidogo ya dalali wa barabarani, ila kipimo ni cha haki. Ninawapa nyota nne kati ya tano. Anayeagiza afungue na kukagua magunia kabla ya kutia sahihi, maana yakishapokelewa hayarudishwi.