TAHADHARI: "Friza za mnada wa forodha" Busia ni uongo. Nimeliwa 49,700 macho yakiwa wazi

Naandika hii nikiwa na hasira na aibu, na aibu ndiyo nyingi. Wale wa soko la Kibuye hapa Kisumu mlioambiwa nimeenda Busia kwa mambo ya mtoto, hapana. Nilienda kununua friza. Mbili. Nimerudi na risiti ya uongo na vumbi la barabara.

Mnajua yaliyonipata ile wiki stima ilipotea na samaki wangu wa mbuta wakaoza. Sirudii. Tangu siku hiyo nikipita duka la vyombo vya stima natembea polepole kama mtu aliyeangusha sarafu. Kwa hiyo nilipoona ukurasa Facebook wenye nembo ya mamlaka ya mapato, bendera, malori yamepangwa mpakani, na maandishi "bidhaa zilizokamatwa, bei ya serikali", moyo ulishanunua kabla kichwa hakijasoma. Friza ya lita 300, shilingi 19,500. Zile nilizoulizia dukani ni zaidi ya mara mbili.

Nikaandika tu "bado zipo?" Mwenye ukurasa akapiga simu dakika ile ile. Sauti ya upole, Kiswahili cha ofisini, "shikamoo mama", hata sikuwa nimezoea kuamkiwa hivyo na kijana wa siku hizi. Akanieleza kwamba mzigo ukiingia nchini usipolipiwa ushuru ndani ya siku 21 unahamishiwa ghala la forodha, na usipochukuliwa, unapigwa mnada. Alisema ni sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, ile ile Kenya, Uganda na wenzao wanaitumia. Nikamuuliza mpwa wangu, akatafuta kwenye simu, akakuta sheria ipo na siku 21 zipo. Sasa mimi ningekataa nini? Mwongo niliyemzoea ni yule asiyejua kitu. Huyu alikuwa anajua kuliko mimi.

Halafu kuna hili, na ndilo linaloniuma. Mimi na forodha ya Busia hatujawahi kukosana. Miaka yote ninayotoa maharagwe Uganda, mimi si wa panya route, zile njia za magendo. Ninapita kwenye ile ofisi ya pamoja, Kenya na Uganda chini ya paa moja, ile waliyoifungua rasmi marais wawili mwaka 2018. Mzigo wangu hauzidi thamani ya dola 2,000, naandikiwa kile cheti rahisi cha wafanyabiashara wadogo cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi jirani, napita bila kutozwa ushuru wa kuingiza. Mara ya kwanza sikujua hata kukijaza, ofisa mmoja akaacha chai yake akanishikia kalamu. Mwingine aliwahi kunirudishia gunia la karanga lililoota ukungu, nikamtukana kimoyomoyo. Baadaye nikasikia habari za sumu ya ule ukungu, ile inayokula ini, nikanyamaza. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi ni wa forodha", mimi namwona yule wa kalamu. Huyu mkora alivaa heshima ya watu wengine kama koti la kukodi.

Nikatuma 10,000 "ya kufunga mzigo".

Jumatano nikatoka Kisumu alfajiri. Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, njia nzima nahesabu barafu. Nitauza barafu ya kumi, ya ishirini, samaki wa Jumamosi hawataharakishwa tena. Nilifika Busia jua likiwa limeanza kuuma. Yeye alikuwa ananingoja nje ya kibanda cha chapati, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, kitambulisho kinaning'inia shingoni, faili la kijani kwapani. Jamani lile faili! Sijui kwa nini faili linatutia adabu hivyo.

Akaniagizia chai na chapati mbili. Akalipa yeye. (Chapati hizo zimenigharimu karibu elfu 25 kila moja, ukitaka kupiga hesabu.) Kisha akanipeleka kwenye lori lililoegeshwa kando, akafunua turubai kidogo, nikaona katoni kubwa zimesimama, moja ina picha ya friza. Niliigusa. Kwa mkono wangu huu. Nikaigonga hata, ikalia kama kitu kilichojaa. Hivi sasa nikikaa naisikia ile sauti. Dereva wa lori lenyewe hakuwepo, na mimi sikujiuliza dereva gani anaacha lori lake lifunuliwe na wapita njia.

Tukarudi kwenye chapati. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Mama mmoja akajibu, sauti ya bosi: "Huyo mama wa samaki amefika? Mhudumieni haraka, hawa ndio tunaowatumikia." Mimi nikakaa wima. Ndiyo, nilikaa wima kwenye kiti cha plastiki kama niko mbele ya gavana.

Akasema salio ni 29,000, nitume kwenye namba ya keshia. Nikauliza, maana si kwamba sikuuliza, mbona si paybill, ile namba ya malipo ya ofisi? Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka na kazi. "Sistimu imelala tangu asubuhi, mama. Ukitaka kungoja mpaka kesho ni sawa, lakini kuna watu wawili wa Bungoma wako njiani." Nikaingiza namba. Likatokea jina la mwanamke. Nikamwonyesha. "Huyo ndiye." Kidole changu kilikaa juu ya ile simu muda mrefu, nakumbuka jasho lilidondokea kioo nikalipangusa na leso. Hapo ndipo Mungu alikuwa ananipa nafasi, na mimi nikaitumia nafasi kupangusa jasho. Nikaweka namba ya siri.

Akatoa karatasi kwenye faili, ina muhuri wa zambarau, akaandika jina langu vizuri kabisa. Kisha, kumbe kuna ada ya ghala 6,500. Nikatuma. Kisha kuna stika ya ubora, 4,200. Nikatuma, hiyo ya mwisho ikiwa pesa ya chama chetu cha kuweka akiba, na wanachama mnaosoma hapa nitawaeleza ana kwa ana. Akasema anaingia ndani kufunguliwa geti. Akaenda kule getini, akamsalimu askari kwa mkono, wakacheka. Nikasema hapo sasa, huyu ni wa ndani kweli. Mtu yeyote anaweza kumsalimu askari! Nililielewa hilo baada ya saa moja na nusu, chai imepoa, simu yake imezimwa, na lile lori limeondoka.

Nikaenda mwenyewe na ile karatasi. Ofisa aliyenipokea ni msichana mdogo, angeweza kuwa binti yangu. Akaisoma, akaniangalia, akasema polepole, "Mama, huu muhuri umeandikwa Malaba. Hapa ni Busia." Nilitaka ardhi inimeze. Nimeishika ile karatasi karibu saa mbili, najua kusoma, na sikusoma.

Akanikalisha. Akaniambia zile siku 21 ni kweli, lakini ni mwanzo tu. Mzigo ukishaingia ghalani unakaa siku 30 nyingine, kisha linatoka tangazo kwa umma, zinangojwa siku 30 tena ndipo unaenda mnadani. Mnada una tarehe, kila mzigo una namba yake, na unaruhusiwa kwenda kuukagua kabla. Mkora wangu alinipa nusu ya sheria akala nusu. "Siku 21 zimeisha juzi Jumatatu", ndivyo alivyosema, na mimi nikaona nimewahi!

Akaniambia jambo lingine ambalo sikulijua, kwamba mashine za baridi wanaziangalia kwa jicho la pekee kwa sababu ya gesi iliyo ndani. Kuna gesi za zamani zinazoharibu lile tabaka la ozoni linalotukinga na jua, dunia ilikubaliana kuziondoa tangu Montreal mwaka 1987, na watu wa mpakani ndio wanaozizuia zisipenye. Mimi nilidhani kazi yao ni ushuru tu. Nilikaa pale nafundishwa mambo ya jua huku nimeibiwa, ungecheka ukiniona.

Tena msianze na yale ya "wote ni wezi". Najua. Mwaka 2023 maofisa 27 wa serikali walisimamishwa kazi kwa yale magunia 20,000 ya sukari mbovu iliyotoka ghalani, sijasahau. Panya wapo kila ghala. Lakini aliyeniibia mimi si wa ghala, ni wa kibanda cha chapati.

Polisi niliandikisha. Swali la kwanza: "Sasa mama, kwa nini ulituma?" Swali la pili lilikuwa lile lile. Ujumbe wa kurudisha pesa nilituma kwa namba 456 ya M-Pesa, nikajibiwa kwamba kule zilikokwenda zilishatolewa. Alizitoa hata kabla sijamaliza chapati ya pili.

Mniache nitoe yangu ya moyoni. Kujifanya ofisa wa serikali sheria yetu inakupa miaka 3 tu. Mitatu! Mwizi wa kuku kijijini anapata kipigo kikubwa kuliko hicho. Mimi ningekuwa hakimu, angekaa gereza la Kodiaga mpaka lile shati jeupe liwe la kahawia, na kila Jumamosi anatolewa anapara samaki Kibuye bila malipo, mbele ya wanawake wote aliotuibia, na mizani naishika mimi. Na huyo "bosi" wa sauti ya nje awe anabeba maji. Nasema wote aliotuibia kwa sababu si mimi peke yangu: tangu juzi nimeandikiwa na wanawake wawili, mmoja wa Nakuru alituma pesa ya pikipiki, mmoja wa Mumias ya mchele. Yule wa mchele aliambiwa "umekamatwa ukiingia". Mchele uliokamatwa ukaonekana haufai kuliwa unaharibiwa, hauuzwi kwenye simu!

Mnaniuliza ishara za kumtambua mkora. Sijui, nilikuwa kipofu. Namba ya mtu badala ya paybill. Malipo halisi ya mamlaka yanakwenda kwenye paybill ya serikali, na unapewa kwanza hati yenye namba ya malipo, hiyo ndiyo unaiweka kama akaunti. Ada zinazoota moja baada ya nyingine. Haraka, haraka, watu wa Bungoma wako njiani. Ule ukurasa nilipourudia vizuri nikaona hauna miezi miwili. Na kukutania kwenye chapati wakati ofisi iko pale, mnaiona.

Mrefu, mweusi wa kung'aa, ana pengo dogo la mbele, saa ya mkono wa kulia, anasema "sawasawa" mara mbili mbili. Namba imezimwa, lakini ukurasa jana usiku bado ulikuwa unauza, safari hii kwa picha za jokofu za milango miwili. Ripotini ule ukurasa, nimewatumia jina lake kwenye grupu la soko. Akiwapigia msimtukane, mwambieni mna pesa, mkubali kukutana, kisha mnipigie mimi na yule ofisa wa kituo mliye na namba yake.

Ijumaa nipo kibandani kama kawaida, omena ipo, mbuta hakuna. Na anayemjua mume wangu asimwonyeshe hii kabla sijamwambia mwenyewe. Nitamwambia leo jioni, akishakula.