Haidrokotisoni ya asilimia 1: tyubu ndogo ya kuwa nayo nyumbani Malindi

Kati ya tyubu zote za ngozi kwenye rafu za maduka ya dawa hapa Malindi, hii ya gramu 15 ndiyo ya kuaminika kwa ukurutu mdogo na mwasho wa kuumwa na wadudu. Haidrokotisoni ni kotisoli ileile inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Hutuliza wekundu na uvimbe, lakini haiui kijidudu chochote. Ndiyo maana ukiipaka kwenye choa, mwasho hupoa siku mbili tatu huku fangasi wakizidi kutambaa, na lile duara hupoteza ukingo wake hata mganga akashindwa kulitambua.

Kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, yatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka mara moja au mbili kwa siku, usizidishe siku saba bila ushauri. Ya mafuta yafaa ngozi kavu iliyokakamaa; krimu, penye majimaji.

Usikubali kupewa klobetasoli ya asilimia 0.05 eti "ni dawa moja". Si moja kabisa! Ile iko katika daraja kali kuliko yote: usoni hukondesha ngozi, huacha vimishipa vyekundu, na wanaojichubulia ndio huumia zaidi.

Kasoro ya haidrokotisoni ni joto. Ukiiacha garini wakati wa kaskazi, krimu hujitenga maji na mafuta. Iweke pasipozidi nyuzi 30.