Kiungio cha cheni ya bodaboda: kipi ununue Malindi

Dukani utaulizwa saizi ya cheni, na kwa pikipiki nyingi za bodaboda jibu ni 428. Kiungio, kile kipande kinachofunga ncha mbili, huulizwi. Kimo ndani ya boksi tu. Kitoe ukikague kabla ya kulipa.

Tazama kwanza kama cheni imeandikwa 428 au 428H. Bamba za H, yaani vile vyuma vya pembeni vya kila kiungo, ni nene, kwa hiyo pini za kiungio chake ni ndefu zaidi. Kiungio cha H kwenye cheni ya kawaida hucheza. Cha kawaida kwenye H hakiachi mfereji wa pini utokeze, na klipu, kile kichuma kinachoingia mferejini kuzuia bamba la kiungio lisitoke, haipati pa kushika. Kiungio na cheni viwe vya kampuni moja.

Chaguo letu la kwanza kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 ni kiungio cha klipu chenye bamba linalobana. Bamba hilo haliingii kwa kidole. Hulazimishwa kwa kibano mpaka mifereji ya pini zote mbili ionekane kamili. Likishabana, pini hazichezi ndani ya matundu, na klipu inabaki mlinzi tu. Kama cheni ina ringi za mpira, weka zote nne na usibane kupita kiasi: ringi zikikandamizwa, kiungo kinakuwa kigumu na cheni inaruka juu ya sproketi, lile gurudumu la meno.

La pili ni kiungio cha riveti, kisicho na klipu. Kwa nguvu ndiyo ya kwanza, na kwa pikipiki kubwa za cheni ya 520 kwenda juu usikubali kingine. Shida yake ni kifaa. Pini hupanuliwa kwa kibano maalumu. Ikigongwa kwa nyundo hupinda au kupasuka kichwani. Kichwa kizuri ni duara lisilo na ufa. Na siku ya kuitoa utahitaji grainda, jambo ambalo ukiwa njia ya Marafa jua la saa saba si mchezo.

La tatu ni kiungio cha klipu chenye bamba linaloteleza lenyewe. Kinakufikisha nyumbani, basi. Nusu kiungo cha kurefusha cheni fupi usikinunue kabisa. Cheni isiyo na kiungio ipo pia, lakini kuivalisha kunataka kufungua mkono wa gurudumu la nyuma.

Urefu wa cheni mpya uhesabu kwa viungo, usiilaze kando ya kuukuu: ile imeshavutika. Viungo 20 vya 428 vikiwa vipya ni milimita 254. Vikifika kama 259, cheni imekwisha, na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja nayo. Idadi ya viungo iwe shufwa, kiungio kikiwemo.

Penye kava kamili la cheni, usihangaike kuchokonoa kwa waya. Unganisha ncha ya cheni mpya na ya zamani kwa kiungio cha zamani, kisha vuta ya zamani polepole. Mpya itazunguka sproketi ya mbele yenyewe. Fungia juu ya sproketi ya nyuma, ambako meno yanashika ncha zote mbili.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: upande wa klipu uliozibwa ndio utangulie kule cheni inakokwenda. Sehemu ya juu ya cheni huenda mbele, kwa hiyo klipu ikiwa juu, mdomo wake huangalia taa ya nyuma. Ikiwa chini, mdomo huangalia mbele. Ukiigeuza, kitu chochote kitakachoigusa kinaisukuma itoke, na cheni ikifunguka mwendoni hujikunja kwenye sproketi ya mbele na inaweza kupasua kasha la injini au kufunga gurudumu. Isukume kwa koleo. Usiipanue kwa bisibisi, maana klipu iliyopanuliwa haibani tena. Ndiyo sababu klipu iliyowahi kutolewa hairudishwi.

Cheni iachwe icheze juu na chini kati ya milimita 20 na 30 kwa pikipiki nyingi ndogo, ila kibandiko cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Pwani hii chumvi haina huruma na chuma chembamba, na mchanga wa njia za ndani ukichanganyika na grisi ni kama msasa. Kila unapotia oili, tazama klipu. Ikiwa na vijishimo vya kutu, ibadilishe. Ya akiba iviringishe kwenye kitambaa chenye grisi, uiweke chini ya kiti pamoja na koleo.