Bamba la theluji la kufunga kwenye baketi ya loda: uzoefu wangu wa misimu miwili

Bamba hili la kusukuma theluji nimelifunga kwenye trekta ya nguvu farasi 35 yenye loda ya mbele, yaani mikono ya kunyanyulia baketi. Lina upana wa mita 2.1, kimo sm 60, na pamoja na fremu yake lina uzito wa kg 170 hivi. Halina haidroliki. Pembe unaibadilisha kwa mkono: unashuka, unachomoa pini, unalizungusha, unairudisha pini. Linakaa limenyooka, kushoto nyuzi 30, au kulia nyuzi 30. Fremu ina mifuko miwili ya chuma ambamo mdomo wa baketi (ukingo wake wa mbele) unaingia, kila mfuko una bolti mbili za M20 za kukaza kutoka juu, kisha minyororo miwili inapanda hadi ukingo wa juu wa baketi. Faida yake kubwa ni kwamba huvui baketi.

Kifaa chenyewe nimekiridhia. Nisichokiridhia ni karatasi ya maelezo, inayosema ingiza mdomo, kaza bolti, anza kazi. Ukifuata hivyo utapinda baketi kabla theluji haijakwisha.

Ncha ya bolti ya M20 inakandamiza eneo dogo kuliko sarafu, na sakafu ya baketi nyepesi mara nyingi ni bati la mm 6 tu. Bamba likigonga kitu, nguvu yote inapita kwenye alama hizo nne. Dawa yake ni vipande viwili vya bamba la chuma la mm 12, upana sm 10 na urefu sm 20, kimoja chini ya bolti za kila mfuko. Mifuko yenyewe isogezwe pembeni, karibu na kuta za baketi, kwa sababu katikati ndipo mdomo ulipo dhaifu na ndipo huanza kubonyea. Kaza kwa spana ya kawaida, usirefushe mpini kwa bomba. Baada ya nusu saa ya kwanza ya kazi zikaze tena, maana rangi iliyo chini ya vyuma hupondeka na bolti hulegea. Nati za kufungia juu ya mfuko ni lazima.

Bolti peke yake hazitoshi hata zikikazwa vipi. Unaposukuma mbele hakuna shida, kwa kuwa mdomo unaegemea mwisho wa mfuko. Shida inakuja unaponyanyua: bamba liko karibu sm 70 mbele ya baketi, uzito wake unavuta pua ya fremu chini na mifuko inaanza kuukwangua mdomo. Ukirudi nyuma huku bamba likiburuta, fremu inataka kuchomoka. Kazi hiyo ni ya minyororo. Niliyopewa ilikuwa myembamba. Nimeweka ya mm 10, daraja la 70 (daraja la uimara wa chuma), na vikazio vya racheti. Vikazio vya leva vinafanya kazi, ila leva ikikuponyoka inarudi kwa nguvu ya kuvunja mkono. Minyororo ipande kwa umbo la V, kutoka katikati ya fremu kwenda kona mbili za baketi, hapo inazuia pia fremu kuteleza upande.

Ndoano za minyororo zichomelewe kwenye ukingo mnene wa juu wa baketi, kamwe si kwenye mikono ya loda. Kabla ya kuchomelea tenganisha betri, na klampu ya ethi ibanwe kwenye baketi karibu na mahali pa kuchomelea, umeme usipite kwenye pini na bushi.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea na kulilaumu bamba bure: mlalo wa baketi. Pini kuu ambayo bamba linazungukia lazima isimame wima. Egesha trekta kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, shusha bamba likiwa limenyooka, weka pimamaji kwenye pini, rekebisha kwa leva ya kuinamisha baketi. Baketi ikiwa imelalia nyuma nyuzi 5 tu, ukilipinda bamba hili nyuzi 30 kona iliyotangulia inapanda na iliyobaki nyuma inazama, tofauti ya karibu sm 9. Ikilalia mbele ni mbaya zaidi: kona iliyotangulia ndiyo inayochimba na trekta inavutwa upande. Ukishapata wima, weka alama ya rangi kwenye fimbo ya silinda ya kuinamisha au kwenye kiashirio cha baketi. Kila asubuhi ni kurudisha kwenye alama, basi.

Kuhusu upana, usihesabu namba ya kwenye tangazo. Mita 2.1 kwa nyuzi 30 inabaki mita 1.82 ya njia. Magurudumu ya nyuma ya trekta hii yana mita 1.65 kutoka ukingo hadi ukingo, hivyo inabaki sm 8 kila upande. Bamba la mita 1.8 lingeacha mita 1.56, na gurudumu lingekanyaga theluji ambayo bamba halikuisafisha.

Springi za kuachia zilikuja zimelegea. Kazi yake ni kuruhusu ukingo wa chini ukunje nyuma bamba linapogonga jiwe au kingo ya saruji. Zikilegea, bamba linajikunja kwa theluji nzito tu. Zikikazwa mno, haliachii kabisa na kipigo kinaenda kwenye mdomo wa baketi. Kaza mpaka mizunguko ya springi ianze kuachana kiasi cha kupitisha karatasi. Ila springi hazikulindi na kipigo cha kona. Bamba likiwa limepinda, kona ikishika kitu inaisokota mikono ya loda, na mikono hiyo ilitengenezwa kunyanyua, si kusokotwa. Mwendo wangu ni km 5 au 6 kwa saa. Ukiuzidisha maradufu, nishati ya kipigo inakuwa mara nne.

Leva ya loda iwe kwenye hali ya kuelea, bamba lifuate ardhi lenyewe. Ukilikandamiza chini kwa haidroliki, magurudumu ya mbele yanapungukiwa uzito na usukani hausikii. Kwenye kokoto viatu vya chini, vile vyuma ambavyo bamba linateleza juu yake, vishushwe hadi ukingo ubaki sm 2 au 3 juu ya ardhi, la sivyo utazikusanya kokoto zote hadi majira ya kuchipua. Kwenye lami na saruji, ukingo wa mpira unakwangua kidogo lakini hauchimbi. Barafu iliyoganda hauiwezi.

Nyuma nimetundika boksi la kg 300. Bila hilo, bamba linaulemea mhimili wa mbele huku magurudumu ya nyuma yakizunguka bure. Minyororo ya matairi nayo inasaidia zaidi ya unavyodhani.

Kero ndogo: tundu la pini ya pembe linajaa theluji na kuganda, nyundo inakuwa chombo cha kila siku hadi upake grisi. Theluji yenye maji inanata kwenye bamba. Nta ya gari inatuliza. Kutoka kitini huoni kona, kwa hiyo funga vijiti virefu vya rangi kila upande. Na bamba halirundiki theluji juu kama baketi inavyofanya, kwa hiyo mapema katika msimu sukuma mbali kuliko unavyohitaji, vinginevyo njia itakuwa inapungua kila ikinyesha.

Ukingo wa kukwangua unageuzwa: ukilika upande mmoja, fungua bolti, ugeuze juu chini. Fanya hivyo kabla chuma hakijafika kwenye bolti zenyewe, maana vichwa vikishasagika hutazifungua bila grinda.