Ruta ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la vifaa vya mtandao, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, muuzaji ataanza na antena. Hii ina mbili, hii ina nne, hii ina sita, na bei inapanda nazo. Kisha atakusomea namba ya kasi iliyoandikwa mbele ya boksi: 300, 1200, 1800. Vyote hivyo vina maana yake, lakini kitu utakachoshughulika nacho kwa miaka hakionekani kwenye boksi, nacho ni ukurasa wa mipangilio. Huko ndiko unakoamua nani aingie kwenye mtandao wako, mtoto aone nini na mwisho saa ngapi, mpangaji wa chumba cha uani apate kasi kiasi gani, na intaneti ikigoma uanze kutafuta tatizo wapi. Ndiyo maana hapa nimezipanga ruta kwa kuangalia kwanza mipangilio inakuruhusu kufanya nini, halafu ndipo kasi na bei.

Kabla ya kutoa hela

Kama nyumbani kuna faiba, tayari una ruta. Ni lile boksi dogo jeupe au jeusi ambalo fundi wa mtoa huduma alilitundika ukutani. Watu wengi wanakwenda kununua ruta nyingine kumbe tatizo ni kwamba boksi hilo liko nyuma ya kabati la televisheni, na kati yake na chumba cha kulala kuna kuta mbili za tofali na nguzo ya zege. Ligeuze upande wenye kibandiko. Utaona anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, pamoja na jina la kuingilia na nywila. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu ukiwa kwenye waifai yako, ingia, kisha tafuta sehemu ya waifai.

Angalia chaneli, yaani njia ambayo mawimbi yanapita, ya bendi ya 2.4 GHz. Kwenye bendi hiyo ni chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Kama unaishi kwenye ghorofa ambako kila mlango una ruta yake, chagua ile yenye majirani wachache. Programu za bure za simu za Android za kupima waifai zitakuonyesha. Upana wa chaneli uweke 20 MHz, si 40. Halafu, kama boksi lina bendi ya 5 GHz, ipe jina lake tofauti ili ujue simu yako imeshika ipi. Bendi ya 5 ina kasi zaidi ila haipendi kuta. Ile ya 2.4 inafika mbali lakini imejaa. Ukishafanya hayo na kulisogeza boksi pale waya unaporuhusu, jaribu kwa wiki moja. Ikitosha, hela yako ibaki mfukoni.

Isipotosha, au ukikuta mtoa huduma ameufunga ukurasa huo kiasi kwamba huwezi kubadilisha chochote zaidi ya nywila ya waifai, basi nunua.

Nafasi ya kwanza: ruta ya bendi mbili yenye matundu ya gigabiti

Kwa nyumba nyingi ninachopendekeza ni TP-Link Archer C6 au ruta ya daraja lake. Ina bendi mbili, na matundu yake ya waya ni ya gigabiti 1. Hili la matundu linapuuzwa sana. Ruta yenye matundu ya 10/100 haiwezi kupitisha zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde hata ulipie kifurushi cha 200, kwa hiyo nusu ya unacholipia inaishia mlangoni. Pindua boksi usome maandishi madogo nyuma. Ukiona 10/100/1000, sawa. Ukiona 10/100 tu, rudisha kwenye rafu.

Nimeiweka juu kwa sababu mipangilio yake inaeleweka na mtu asiye fundi. Unaingia kwa 192.168.0.1 au kwa programu ya simu iitwayo Tether, unaunda nywila yako mwenyewe ya kuingilia, na menyu ya kawaida inatosha kwa mengi ya muhimu. Kuna mtandao wa wageni, ambao mimi nauona ni wa lazima kwa nyumba za kwetu zisizokosa watu: mgeni anapata intaneti bila kuiona kompyuta wala printa yako, na akiondoka unabadilisha nywila hiyo moja bila kusumbua vifaa vya wenyeji. Televisheni na balbu za kisasa nazo zipeleke huko huko.

Kuna pia udhibiti wa wazazi. Unatengeneza jina la mtoto, unaweka vifaa vyake chini yake, unapanga saa za kulala. Ila ujue jambo moja. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujitambulisha kwa ruta kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya kubuni badala ya ile halisi. Ikibadilika, ruta inaona kifaa kipya na sheria ulizoweka hazimgusi mtoto. Kwa hiyo chukua simu yake, fungua maelezo ya mtandao wenu wa nyumbani, chagua itumie anwani halisi ya kifaa, ndipo uweke sheria. Na kama unataka kuzuia picha za ngono kwa nyumba nzima, nenda sehemu ya DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) uandike 1.1.1.3, huduma hiyo ya kampuni ya Cloudflare ni ya bure na huzuia tovuti za aina hiyo pamoja na zile zenye virusi.

Ukiwa na hela zaidi kidogo, chukua Archer AX23 au nyingine ya Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha waifai. Faida yake utaiona nyumba ikiwa na vifaa vingi vinavyotumia mtandao kwa pamoja. Nyumba yenye simu 3 na televisheni 1 haitaona tofauti ya kujutia.

Sasa, kuiunganisha na boksi la faiba. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanachomeka waya, mtandao unapatikana, wanaacha, na sasa kuna ruta 2 zinazogawa anwani, moja ndani ya nyingine. Kufungua tovuti kutaenda vizuri, lakini michezo ya mtandaoni, kamera, na printa iliyo upande wa pili vitasumbua. Njia ni mbili. Ya rahisi ni kuiweka Archer katika hali ya akses pointi, kisha kuzima waifai ya lile boksi; Archer inasambaza mawimbi tu na kazi ya kugawa anwani inabaki kwa boksi. Lakini hapo unapoteza udhibiti wa wazazi, ambao ndio pengine uliokufanya ununue. Njia ya pili ni kumpigia mtoa huduma aliweke boksi lake katika hali ya briji, yaani lipitishe intaneti tu bila kugawa anwani, akupe jina na nywila ya PPPoE (njia ya kujitambulisha kwa mtoa huduma) na, kama anatumia, namba ya VLAN (inayotenganisha njia za mtandao ndani ya waya mmoja). Hizo unaziandika kwenye mipangilio ya Archer, na kuanzia hapo yenyewe ndiyo inayoongoza nyumba. Waombe wakutumie kwa ujumbe wa maandishi. Herufi moja ikikosewa, ruta haitaunganika.

Ya pili: MikroTik

MikroTik ni kampuni ya Latvia, na ukimuuliza fundi yeyote anayeuza vocha za waifai mtaani, utamkuta nayo. Sababu ni RouterOS, programu inayoendesha ruta zake, ambayo inakupa karibu kila kitu ambacho kampuni kubwa za mtandao zinacho. Unaweza kumwekea kila mpangaji kikomo chake cha kasi, kuweka ukurasa wa vocha, kuunganisha faiba na laini ya simu ili moja ikikatika nyingine ishike, na kutenganisha mtandao wa duka na wa nyumba.

Kwa mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha anayetaka kugawa faiba moja kwa haki, hii ndiyo namba moja yangu bila kusita. Kwa familia ya kawaida inashuka hadi ya pili kwa sababu haisamehe. Ukurasa wake wa kuanzia, 192.168.88.1, una sehemu ya haraka inayotosha kuunganisha, ila ukitoka hapo unakutana na menyu ndefu, na ukifuta sheria ya ukuta wa ulinzi usiyoielewa umeacha mlango wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2018 kasoro iligunduliwa kwenye Winbox, programu ya kuziendesha ruta hizi. MikroTik walitoa toleo lenye marekebisho mwezi Aprili mwaka huo huo, na bado miezi iliyofuata maelfu kwa maelfu ya ruta yaliendelea kuvamiwa kwa sababu wenyewe hawakusasisha. Ukinunua MikroTik, unanunua na wajibu wa kuisasisha.

Chagua hAP ax² kama faiba yako ni ya kasi: matundu 5 ya gigabiti, bendi mbili, Wi-Fi 6. Ile ndogo ya bei nafuu, hAP lite, ina 2.4 GHz peke yake, matundu ya 10/100, na RAM ya MB 32. Inafaa kujifunzia au kwenye kibanda. Uzuri wake mmoja ni kwamba inatumia umeme wa 5V kwa waya wa USB ndogo, hivyo pawabenki ya simu inaiwasha umeme ukikatika.

Ya tatu: ruta ya laini

Mahali ambapo faiba haijafika, ruta inayoingia laini ya simu ndiyo mkombozi. Huawei B311 ni mfano mzuri: 4G ya hadi megabiti 150 za kupakua, tundu 1 la gigabiti, na nafasi ya kuchomeka antena ya nje. Kwenye ukurasa wake, 192.168.8.1, tafuta sehemu ya maelezo ya kifaa uangalie namba iitwayo RSRP, inayoonyesha nguvu ya mawimbi ya mnara. Ikiwa karibu na −80 uko vizuri; ikikaribia −110 mnara uko mbali au ukuta unazuia. Tembea na ruta kutoka dirisha hadi dirisha ukiitazama namba hiyo. Kazi hiyo ya dakika chache huongeza kasi kuliko kubadilisha bando.

Mambo 2 ya kuuliza kabla ya kulipa. Je, imefungwa kwa kampuni moja ya simu? Zinazouzwa kwa bei ya promosheni mara nyingi zimefungwa. Na ina bendi zipi? Ruta nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina bendi ya 20, ile ya 800 MHz inayotumiwa sana nje ya miji kwa sababu inafika mbali. Ndugu akikutumia zawadi kutoka huko, mwombe kwanza picha ya kibandiko.

Tena, kama lengo lako ni kamera ya kuangalia nyumbani ukiwa safarini, fungua ukurasa wa hali ya mtandao uone anwani ya IP uliyopewa. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya kampuni, na hakuna mpangilio wa kufungua njia ya kuingilia kutoka nje (port forwarding) utakaosaidia. Nunua kamera inayopitia seva ya mtengenezaji wake. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, nayo kwa vifurushi vya kawaida vya nyumbani iko hivyo hivyo.

Za mwisho

TP-Link TL-WR840N na wenzake wa 300 Mbps wamejaa kila duka, na bei yake ni nusu ya Archer au chini ya hapo. Ni 2.4 GHz tu na matundu ya 10/100. Kwa chumba kimoja chenye kifurushi cha megabiti 10 au 20 inatosha kabisa, na mipangilio yake haina shida. Kwa nyumba ya ghorofa usiinunue.

Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vya kurefusha waifai nisingevinunua. Vingi hupokea na kutuma kwa bendi hiyo hiyo, kasi inagawanyika. Mita 20 za kebo ya mtandao ya Cat 6 na ruta ya pili katika hali ya akses pointi zitakupa mtandao ulio imara zaidi. MiFi ya mfukoni, yaani ruta ndogo ya betri inayoingia laini, ni ya safari.

Siku ya kununua

Mwambie muuzaji aichomeke umeme mbele yako, uingie kwenye mipangilio kwa simu yako kabla hujalipa. Duka la heshima halikatai. Angalia kama inakulazimisha kubadilisha nywila ya kuingilia, kama ulinzi wa waifai wa WPA2 au WPA3 upo, kama WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila) inaweza kuzimwa. WPS ya namba ya siri ilishaonekana kuwa dhaifu tangu 2011, izime siku hiyo hiyo. Tafuta toleo la programu ya ndani, kisha linganisha na lililopo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukishamaliza kupanga kila kitu nyumbani, hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, maana siku mtu atakapobonyeza kitufe cha kurudisha upya utaipandisha na kuendelea.

Na ukinunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, soma kibandiko cha adapta kwanza. Nyingine ni 9V, nyingine 12V, na tundu la kuchomekea linaweza kufanana. Ruta ya 9V ikipewa 12V inaweza kuungua, na dhamana haitakusaidia.